Mwano Ambao Haukuwemo Kwenye Skripti

Dalili ya kwanza ni vidole. Mzazi ukimwona mtoto wako amesimama mlangoni, amekutanisha vidole gumba na vya shahada mpaka vimekuwa kama dirisha dogo, halafu amefumba jicho moja anakutazama kupitia humo wakati wewe unapepeta mchele, usicheke. Melania alicheka. Alidhani Sostenes wake anacheza tu, kumbe kazi yenyewe ndiyo ilikuwa inaanza. Mpaka leo ungo wake wa siku ile umo kwenye filamu, na watu wa Segese wameuona, na wameuliza kwa nini una tundu.

Melania, ambaye pale kijijini kwao, nje kidogo ya Kharumwa, anaitwa Mama Sostenes na jina lake lenyewe wanalijua padri na marehemu mumewe tu, alikuwa mtu wa kuogopa mapema. Mvua isiponyesha aliogopa njaa, ikinyesha aliogopa radi. Kuku akichelewa kurudi, yeye alishamwona yuko kwenye sufuria ya watu. Mumewe alimwachia ng'ombe sita, jaruba la mpunga na mtoto mmoja, na katika hivyo vyote ng'ombe na mpunga havikuwahi kumweka roho juu kama huyo mtoto.

Sostenes alimaliza kidato cha nne, akaenda kwenye mashimo ya dhahabu kama wenzake. Wenzake walirudi na pikipiki, au na bati, au na kikohozi. Yeye alirudi na kamera.

"Hiyo ni ya nini?" Melania akauliza.

"Mimi sasa ni dairekta, mama. Na mwandishi wa skripti."

"Ipi ndiyo kazi?"

"Zote mbili. Kwanza ninaandika watu watafanya nini, halafu ninawaambia wafanye."

Melania akafikiri kidogo. "Mbona hiyo mimi ninaifanya humu ndani kila siku, na hakuna anayefanya."

Filamu ya kwanza ilikuwa ya mapenzi. Shujaa alikuwa kijana mmoja mchimbaji aitwaye Wiliam, mwenye shati linalong'aa na meno mazuri, na mchumba wake alikuwa Ritha, yule wa saluni ya nywele karibu na stendi. Walifika ukurasa wa kumi na nne vizuri kabisa. Hapo Wiliam alitakiwa kumshika Ritha mkono na kusema, "Ritha, kuna neno nimelificha moyoni muda mrefu." Akasema, "Ritha, kuna neno," simu yake ikaita, akaambiwa kwenye shimo lao dhahabu imetoka. Akapanda pikipiki akaondoka. Neno lenyewe hakuna aliyelisikia mpaka leo.

Mtu mwingine angekata tamaa. Sostenes aliketi juu ya kinu, akaandika upya, na shujaa akafa kwa simu. Ritha aliweka simu sikioni, akasema, "Amekufa? Lini?" akalia machozi ya kweli, maana Ritha kulia anajua. Watu waliotazama kwenye banda la video walilia naye. Wachache tu ndio waliouliza, inakuwaje marehemu anaonekana nyuma ya Ritha anapita na pikipiki, tena anapiga honi.

Filamu ya pili ndiyo iliyoleta balaa. Safari hii Sostenes alikuwa na mfadhili, Deepak, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kharumwa, duka lililofunguliwa na babu yake. Deepak alipenda filamu kuliko chakula. Alitoa toroli jipya la kupandia mpiga picha ili kamera itembee bila kutikisika, akatoa bati jipya la kurudisha mwanga wa jua usoni mwa Ritha, na sharti lake lilikuwa moja: saruji ya dukani kwake ionekane. Basi ikaonekana. Wapenzi waliketi juu ya mifuko ya saruji. Mgonjwa alilazwa juu ya mifuko ya saruji. Posa ilipoletwa, ililetwa na mfuko mmoja wa saruji juu yake, na baba wa binti akaupapasa kwa furaha.

Katika filamu hiyo kulikuwa na mahali ambapo Ritha anaamka, anakuta wezi zizini, anapiga mwano.

Asiyetoka huku inafaa aelewe. Usukumani mwano si kelele za hivihivi. Ni ukelele mmoja mrefu, wa juu, unaopigwa kwa mambo makubwa tu: mwizi wa ng'ombe, moto, mtu kuuawa. Ukiusikia, unaacha jembe lilipo, unaacha ugali jikoni, unachukua fimbo unakimbilia ulikotokea, na unaupokeza kwa kijiji kinachofuata. Usipokwenda una kesi. Na ukiupiga bila sababu, una kesi kubwa zaidi.

Ritha aliupiga vizuri, saa tatu asubuhi. Kabla hajafunga mdomo filimbi zilikuwa zinaitikiana, na muda si muda wanaume mia mbili walikuwa wamejaa uwanjani kwa Melania na fimbo na pinde, na mmoja ameshika mfuniko wa sufuria kwa sababu ndicho alichokuta mkononi. Mbele yao alikuwa Mzee Thobias, ntemi, yaani mkuu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, filimbi mdomoni. Alimkuta Ritha anapakwa poda, naye Deepak amekaa anatafuna karanga.

"Mwizi yuko wapi?" akauliza Mzee Thobias.

"Shikamoo mzee," akasema Sostenes. "Hakuna mwizi."

"Marahaba. Ng'ombe wameenda wapi?"

"Wapo, mzee. Wamelala pale."

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

Mzee Thobias akageuka kuwatazama watu wake mia mbili, wengine wana tope la mpunga mpaka magotini. "Sasa sisi tumekuja kufanya nini?"

Na Sostenes, ambaye akili anayo lakini haiko karibu na mdomo, akasema, "Mngerudi nyuma kidogo mzee, mkaja tena mkikimbia, niwapige picha."

Ilibidi Melania apige magoti mbele ya watu. Alisamehewa, ila Mzee Thobias alimwinamia na kumwambia kwa sauti ya chini ambayo watu wote waliisikia: "Mama Sostenes, mwano wa uongo ukitoka tena kwenye uwanja wako, tunawatenga. Hakuna wa kuwasalimia, hakuna wa kuwapa moto, hakuna wa kuwatwika ndoo kisimani. Siku ukifa utajizika mwenyewe."

Maneno hayo yalimkaa Melania kifuani kama pumba. Akiwa anapalilia aliyafikiria. Akiwa kanisani aliyafikiria. Kujichimbia kaburi aliona anaweza, maana jembe analo na mikono anayo. Kujiombea nako anaweza. Kilichomshinda ni udongo wa mwisho. Mtu akishalala humo ndani, ule udongo wa juu anaumwaga nani?

Mwaka haujaisha, Sostenes akaja na kaunta buku lililojaa. Filamu ya tatu. Ng'ombe wanaibiwa, mjane anapambana na mwizi, mwizi anatubu.

"Mwano umo?" Melania akauliza kabla hajaangalia hata jalada.

"Umo, lakini hautasikika. Ritha atafumbua mdomo tu. Sauti nitakwenda kuirekodi Segese, kuna chumba wamekibandika magodoro ukutani, ukilia humo hata jirani hasikii."

"Apa."

Sostenes akaapa juu ya rozari. Melania hakutosheka. Alikaa siku mbili na lile kaunta buku, kidole chini ya kila mstari, alilisoma lote mara tatu, na kila palipoandikwa *anapiga mwano* alifuta kwa kalamu akaandika *anashangaa*. Palipoandikwa *anapiga mwano mkubwa* aliandika *anashangaa sana*. Halafu akatangaza kwamba siku ya kupiga picha yeye mwenyewe atakaa pale na khanga mkononi, akitazama mdomo wa Ritha. Sauti ikitoka, anaziba.

"Mama, huniamini?" akasema Ritha.

"Wewe ninakuamini, mwanangu. Koo lako ndilo nisiloliamini."

Mwizi alikuwa Marwa. Huyu alitoka Mara kufuata dhahabu, akaishia kusaga mawe kwenye karasha, na Sostenes alimchagua kwa umbo: mrefu wa kuinama mlangoni, kovu limekata shavu toka sikio mpaka kidevu. Kovu lenyewe alilipata utotoni kwa kuangukia jembe akimkimbia bata. Hapakuwa na mtu mpole kama Marwa. Alikuwa akipita barabarani anasalimia watu, wasipokuwepo anasalimia mbuzi. Asubuhi ile ya filamu alikula michembe ya viazi vikavu nyumbani kwa Melania, akaosha bakuli, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana, mama," akaenda nyuma ya zizi kupakwa masizi.

Kosa lilikuwa la Sostenes, na alilifanya kimya kimya. Kwenye skripti ng'ombe wa kuibiwa alikuwa dume la kuazima. Dume lilipoona toroli linakuja na mtu juu yake likakimbia mpaka likapotelea kwenye mpunga. Basi Sostenes, bila kumwambia mama yake, akamtoa Dorah.

Dorah alikuwa ng'ombe jike mweupe mwenye shingo ya kahawia, wa mwisho kununuliwa na marehemu. Melania alimpa jina la wifi yake, kwa sababu wote wawili ukiongea nao wanakutazama huku wanatafuna, halafu wanageuka. Akigombana na wifi alimpelekea Dorah pumba, akaona wamepatana.

Melania akaketi kwenye kigoda, khanga imekunjwa tayari. Deepak akainua bati. Sostenes akapanda kwenye toroli, na kwa kuwa msukumaji hakuwepo, Deepak akalisukuma kwa tumbo, mikono ikiwa imeshika bati.

"Kimya," akasema Sostenes. "Akisheni."

Ritha akatoka nyumbani, akaona kule zizini, akashika kichwa. Akafumbua mdomo. Sauti haikutoka. Akaufumbua zaidi mpaka meno ya nyuma yakaonekana, na bado sauti haikutoka. Melania akafurahi moyoni, akasema huyu binti kweli ana adabu. Akaona sasa anaweza kupumzisha macho. Akayatoa kwenye mdomo wa Ritha, na macho yakaenda yenyewe zizini.

Kulikuwa na jitu jeusi limevunja mti wa zizi. Kamba ya Dorah ilikuwa mkononi mwake.

Hapo Melania akasikia mwano. Ulikuwa mkubwa, wa juu, haujakwaruza hata kidogo. Hajausikia mwano kama ule toka awe msichana. Akasema moyoni, Ritha ameniponza. Akaruka na khanga, akafika kwa Ritha aizibe sauti, akakuta mdomo wa Ritha umefungwa, na Ritha anamshangaa. Mwano bado unaendelea. Akageuka huku na huku kuutafuta. Mwishowe akaweka kiganja kwenye mdomo wake mwenyewe, na mwano ukanyamaza.

Kisha filimbi ikalia upande wa mashariki. Ikajibiwa magharibi.

"Usikate," Sostenes akamwambia Deepak, ambaye hakuwa ameshika kitu cha kukata.

Marwa alijua sungusungu wakimkuta na uso ule hawataanza na maswali. Akakimbia, akaona kihenge cha mpunga, akapanda akazama ndani. Masikini, alisahau kwamba kamba ameizungusha kwenye kiganja. Dorah akavutwa nyuma yake, akafika kwenye kihenge akasimama, na kwa kuwa mlikuwa na mpunga akaingiza kichwa.

Mzee Thobias alipofika na watu wake, walikuta ng'ombe anachungulia ghala.

"Humo ndani kuna nini?" akauliza Mzee Thobias.

Kihenge kikajibu, "Shikamoo mzee."

Wakamtoa. Alitoka na punje za mpunga masikioni, akasalimia watu wote mia mbili mpaka wengine wakaitikia kabla hawajakumbuka kwamba wamekasirika. Mzee Thobias akauliza lile alilokuja kuuliza: "Nani amepiga mwano?"

Watu wote wakamtazama Ritha. "Mimi nilifumbua mdomo tu," akasema Ritha. "Muulizeni hata Dorah."

"Ni mimi," akasema Sostenes haraka, akashuka kwenye toroli.

"Ile ilikuwa sauti ya mwanamke," akasema Marselino, katibu wa sungusungu, mtu mwembamba anayeandika kila kitu.

"Mimi nikishtuka sauti yangu inakuwa nyembamba."

"Hebu piga tusikie."

Sostenes akafumbua mdomo, akakumbuka kwamba akipiga hapo itakuwa mwano wa pili, akaufunga. Melania akaiona shida ya mwanawe. Akasimama, khanga bado mkononi.

"Mwacheni mtoto. Ni mimi."

Kesi ilifanyika mchana uleule dukani kwa Deepak, kwa sababu hapo palikuwa na kivuli na mifuko ya kutosha kukalia. Waliojaa ndani walijaa, waliobaki wakasimama barabarani. Mzee Thobias aliketi mbele, filimbi ameibana kwa meno kama kawaida yake akiwa anafikiri. Marwa aliwekwa pembeni yake kama ushahidi, na mke wa Deepak, Gulnaz, akampa chai kwa kumwonea huruma.

"Mama Sostenes," akaanza Mzee Thobias, "huyu Marwa unamfahamu?"

"Ninamfahamu."

"Leo asubuhi alikula wapi?"

"Kwangu. Michembe. Na bakuli aliosha."

"Ulijua kwamba ni filamu?"

"Nilijua, mzee. Nilisoma mara tatu. Nilifuta kwa kalamu yangu."

"Sasa ilikuwaje?"

Melania akatafuta maneno ya kujitetea, akaona hana, akasema ilivyokuwa. "Macho yalijua. Koo halikujua."

Watu wakacheka. Marselino akaandika. Mzee Thobias hakucheka. "Mimi nina miaka sitini na minane," akasema, "na sijaona mtu mzima anayetishwa na kitu anachojua ni cha uongo. Hilo ni neno la kitoto. Tulishaonyana. Sheria iko wazi, nyumba hii inatengwa."

Melania akaona ule udongo wa juu. Aliuona kabisa, umekaa pembeni ya shimo, na koleo limechomekwa, na hakuna mtu.

Hapo Sostenes akainua mkono kama yuko darasani. "Mzee, kabla hujafunga. Nilikuwa ninapiga picha. Tuitazame, ili Marselino aandike vizuri."

"Sostenes, kaa chini," akasema Melania. "Ng'wanawane, mwanangu, nakuomba. Wewe ndiwe unayenizika leo."

Lakini Deepak alishaleta televisheni kubwa ya dukani, ile anayoonyeshea mpira, na maspika yake mawili yaliyomfikia mtu kifuani. Kamera ikaunganishwa. Mzee Thobias akasogeza mfuko wake mbele ili asikose kitu.

Kwanza lilionekana tumbo la Deepak. Kisha kamera ikainuka, na pale uwanja wa Melania ukatokea, ule ambao watu wale wameupita miaka yote hawajawahi kuutazama. Jua lilikuwa limekaa upande mmoja. Ritha akatoka mlangoni taratibu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Huyo anaamka, hajui," mwenzake akamwambia shh. Ritha akaona, akashika kichwa, akafumbua mdomo bila sauti, na ule ukimya ukawatambaa watu mgongoni. Kamera ikageuka polepole zizini. Mti ukavunjika. Kiganja kikubwa cheusi kikashika kamba shingoni mwa ng'ombe mweupe, na uso wenye kovu ukageuka ukawatazama wote waliomo dukani, mmoja mmoja.

Marwa mwenyewe, kikombe mkononi, akanong'ona, "Mama yangu."

Na hapo mwano wa Melania ukatoka kwenye maspika.

Kifua cha Mzee Thobias kilijaa kabla hajakiruhusu. Filimbi ilikuwa mdomoni. Ikalia.

Wanaume wote wakasimama kwa pamoja, fimbo juu. Waliokuwa barabarani wakasukuma kuingia kumkamata mwizi, waliokuwa ndani wakasukuma kutoka kumfuata. Marwa akapita chini ya kaunta. Marselino akaurukia mfuko wa saruji, akauangusha, akaukalia, akapiga kelele kwamba amemshika. Fimbo zikafuata. Mfuko ukapasuka, wa pili nao ukapasuka, na duka zima likawa wingu. Filimbi za kijiji cha pili zilikuwa zinaitika huko nje, na za cha tatu, maana maspika ya Deepak yalikuwa yamefika mbali kuliko koo la mtu yeyote.

Wingu liliposhuka, watu walikuwa weupe wote. Televisheni ilikuwa imesimama kwenye picha ya mwisho, khanga ya Melania aliyoruka nayo imefunika kioo cha kamera. Mzee Thobias alikuwa amesimama katikati ya duka, mweupe toka kofia mpaka kandambili, filimbi bado mdomoni.

Melania akajipangusa macho. Hakutaka kumwaibisha mtu mzima, lakini alikuwa na udongo wake wa kufikiria.

"Mzee Thobias," akasema kwa adabu, "nani amepiga filimbi?"

Mzee akaitoa mdomoni, akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Macho yalijua," Melania akamsaidia.

Mzee Thobias akakohoa saruji. "Kifua," akasema, "hakikujua."

Marselino akafungua daftari, akapuliza vumbi, akauliza aandike vipi. Akaambiwa asubiri. Akauliza kama na ntemi naye anatengwa, kwa kuwa sheria iko wazi. Akaambiwa asubiri sana.

Hapohapo watu wa kijiji cha pili walifika wanahema, kiongozi wao mbele. "Mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi," akasema Mzee Thobias.

"Ng'ombe?"

"Wapo."

"Sasa tumekuja kufanya nini?"

Mzee Thobias akamtazama Sostenes, akatazama watu wake weupe, akaona hakuna njia nyingine ya kutoka mle ndani na heshima yake. "Kaeni," akasema. "Mtatazama. Atakayevumilia bila kushika fimbo, huyo ndiye atakayeniambia nimtenge Mama Sostenes."

Wakatazama. Hakuna aliyevumilia. Watu wa kijiji cha tatu walipofika walitazama nao, na mifuko mitatu zaidi ya saruji ikapasuka, na Deepak hakukasirika hata kidogo, kwa sababu alisema toka aanze kuifadhili filamu hajawahi kuona saruji yake ikigusa watu namna ile.

Basi hawakutengwa. Ila sungusungu walitoa masharti, na Marselino aliyaandika. Filamu yoyote yenye mwano lazima itolewe taarifa siku tatu kabla. Sungusungu lazima wawemo, wakija wanakimbia, Mzee Thobias mbele. Na mwano wenyewe usirekodiwe Segese kwenye magodoro. Aupige Mama Sostenes, kwa kuwa hakuna mwingine.

Ndiyo maana hadithi hii inasimuliwa kwa wazazi kama onyo. Melania aliogopa atakosa wa kumsalimia; sasa hawezi kufika kisimani. "Mwangaluka, Mama Sostenes, hebu mwano kidogo tu," wanamwamkia. Alipokwenda Isaka kumwona dada yake, madereva wa malori walioiona filamu kwenye simu zao walimzunguka wakamwomba awapigie hata nusu. Wifi yake, Dorah wa kweli, amenuna kwa sababu Dorah mwingine anajulikana mpaka Geita. Mzee Thobias amenunua kofia mpya, anauliza kila wiki kama kuna tarehe. Sostenes naye hana tena mpango wa kutafuta kazi nyingine, na tumaini la mama yake la siku moja kumwona amekaa kwenye meza yenye droo, limekwisha.

Kwa hiyo ukiona vidole, mapema, mpe mtoto jembe la kushika. Ukiwa umechelewa, basi angalau usikubali kukaa karibu na kamera, hata kwa kusaidia tu, hata kwa kigoda chako mwenyewe.

Jana Sostenes alimletea mama yake kaunta buku la filamu ya nne. Melania alikunywa tangawizi ya kulainisha koo, akachukua kalamu, akaanza kusoma, kidole chini ya mstari. Mwano ulikuwemo mara mbili, akauacha. Alipofika ukurasa wa tisa akakuta pameandikwa, *Dorah anakufa*. Akasoma tena. Akafuta, akaandika, *Dorah anapona*. Akafikiri kidogo, akaongeza, *Mwizi anamletea pumba.*